Kibodi Tu

Kwenye ukuta wa karakana yangu, juu kidogo ya stuli ya wateja, nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa mekundu: USINUNUE MEMORI KABLA YA KUULIZA. Niliiandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe bado ninayo. Mtu anaamka asubuhi, laptopu yake imekuwa nzito, jirani anamwambia "ongeza memori", basi anakwenda kununua kipande cha kwanza anachokiona na kuniletea kwa furaha. Hakiingii. Au kinaingia na mashine haiwaki. Au inawaka lakini haikisomi. Wiki hii ninayotaka kuisimulia ilianza na mwalimu mmoja wa jiografia aliyeniletea memori ya kompyuta ya mezani, ndefu kama rula, akitaka niitie kwenye laptopu yake nyembamba. Nilipomwambia haitaingia, aliniuliza kama siwezi kuikata kidogo.

Na kuuliza si kazi. Geuza mashine, soma jina lake kamili kwenye lebo iliyo mgongoni. Nenda kwenye ukurasa wa waliotengeneza, litafute jina hilo, uone mambo matatu: mashine ina nafasi ngapi za kuchomekea memori, inakubali memori ya aina gani, na kikomo chake ni giga ngapi. Mwisho, mwambie fundi aifungue aangalie kwa macho yake. Hayo tu. Nimeyasema mpaka nimechoka kujisikia.

Katika miaka yangu yote ya kazi, mtu mmoja tu ndiye aliyekuja akiwa ameyafanya yote kwa mpangilio, hajanunua kitu, na majibu ameyaandika kwenye karatasi. Alikuwa mdogo wangu wa kike. Na karatasi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiogopa kwa miaka minne.

Tunamwita Mkasi. Alipokuwa na miaka sita alikata pazia la sebuleni akamshonea mwanasesere wake gauni. Mama alimchapa, kisha akakaa kitandani akaligeuzageuza lile gauni, akasema mishono imenyooka. Jina likamganda. Siku hizi ni fundi wa nguo, na katika ufundi wake yeye ndiye mkataji: wenzake wanashona, yeye anachora vipande vya nguo kwenye karatasi ngumu, anapanga vitambaa tabaka kumi na mbili na kuvikata kwa mkupuo mmoja. Hakuna anayemfikia.

Jumatatu saa tatu asubuhi, mwalimu akiwa ndiyo kwanza ametoka na rula yake, Mkasi aliingia na laptopu kwapani. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bendeji.

"Kaka, za asubuhi."

"Nzuri. Kidole kinaendeleaje?"

"Daktari anasema nikiendelea na mkasi, mwakani sitaweza hata kufunga kifungo." Alikaa kwenye stuli, akaiinulia macho karatasi yangu nyekundu, akatabasamu. "Leo utanipenda. Nimekuja kuuliza."

Akanieleza. Kuna karakana moja inashona nguo za wagonjwa na watu wenye ulemavu: suruali za mtu anayekaa kwenye kiti cha magurudumu siku nzima, mashati ya kuvalika kwa mkono mmoja. Wanatafuta mtu wa kuchora vipande vya nguo kwa kompyuta. Mtihani ni Alhamisi, kila mtu aje na mashine yake, na programu yao haifunguki chini ya giga kumi na sita za memori.

"Kwa hiyo hakuna kushika mkasi?"

"Hakuna. Ninachora, mashine inakata." Alisema hivyo akikiangalia kidole chake. "Kaka, nikiikosa hii sijui nitafanya nini. Sijui kazi nyingine. Basi nikasema, nitajaribu tena mambo ya kompyuta, nikichekwa nichekwe."

Akanipa karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara mbili, kwa unadhifu wake. Jina la mashine, herufi zote na tarakimu zote, hata mstari mdogo wa katikati ambao watu huuruka. Nafasi: mbili. Aina ya memori. Kikomo: giga thelathini na mbili. Na chini kabisa: Vipande viwili vya giga nane vinatosha. Nimuulize Kaka kwanza.

Nilihisi masikio yanapata moto.

Ngoja niyaseme sasa hivi, nisije nikajitia hamnazo hata kwako wewe unayesoma. Miaka minne kabla ya hapo, karakana ikiwa na miezi mitano tu, mpima ardhi mmoja aliniachia laptopu nimsafishie feni. Kazi ya nusu saa. Mimi ninayewahubiria watu kuchomoa betri kabla ya kugusa chochote, siku hiyo sikuchomoa. Bisibisi iliteleza. Cheche moja, harufu ya kuungua, kwisha kazi. Mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba kila kitu, ilikuwa imekufa, na mpima ardhi alikuwa anaifuata saa kumi asafiri nayo. Alikuwa mkali, sauti yake inasikika mtaa wa pili, tena ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake ofisini kwamba amepata fundi wa kweli.

Juu ya meza hiyo hiyo kulikuwa na laptopu ya Mkasi, imeletwa kubadilishwa kibodi. Ilikuwa pacha wa ile ya mpima ardhi. Na kwenye droo nilikuwa na mazabodi ya tatu, ya ukoo huo huo lakini ya toleo la chini: inakaa kwenye gamba lile lile, skrubu zile zile, matundu yale yale. Ila prosesa yake ni goigoi, giga nne za memori zimechomelewa kwenye ubao wenyewe, nafasi ya kuongezea ni moja tu, na kikomo ni giga nane hata uipigie magoti.

Mazabodi ya mdogo wangu nikampa mpima ardhi. Ya kwenye droo nikamwekea mdogo wangu. Mashine yake ilikuwa ikisoma giga nane, na baada ya kazi yangu ikasoma giga nane vile vile, nne za kuchomelewa na nne za kuchomeka. Lebo ya mgongoni haikuguswa, kwa kuwa gamba lilikuwa lile lile. Nikajiambia nitatafuta nyingine nzuri wiki ijayo na kumrudishia kabla hajajua. Wiki ijayo nikapata kazi nyingi. Iliyofuata nikasahau, au nikajifanya nimesahau.

Baada ya mwezi alikuja. "Kaka, tangu ubadilishe kibodi, mashine imekuwa nzito." Alikuwa ameanza kozi ya kuchora nguo kwa kompyuta. Kila akifungua mchoro wenye vipande vingi, mashine inaganda. Wenzake wanasonga mbele, mwalimu anamsubiri, kisha siku nyingine mwalimu hamsubiri. Ningeweza kumwambia pale pale. Nilimwambia nini? Nayakumbuka maneno yangu yote: "Mashine haina kosa. Unafungua vitu vingi, unabonyeza bila subira. Wewe na kompyuta hamuivi chungu kimoja."

Akacheka. Mwezi wa pili wa kozi akaacha.

Tangu siku hiyo ukawa mzaha wa familia, Mkasi na mashine. Watoto wake wawili wakipewa kazi ya shule ya kufanya kwenye kompyuta, anawaambia, "Msubirini mjomba, mimi kichwa changu kizito." Na mjomba akija Jumapili anapewa kiti chenye mto, anabonyeza vitufe viwili, watoto wanashangilia. Nilikuwa naona haya, ndiyo. Lakini kiti nilikuwa nakikalia.

Basi Jumatatu hiyo nimeshika karatasi yake.

"Umeandika vizuri," nikasema. "Imekamilika."

"Kweli? Nimeirudia mara tatu nikijua utanicheka." Akaisukuma laptopu mbele yangu. "Fungua basi. Si unasema macho ndiyo ya mwisho?"

"Iache, nitaiangalia mchana."

"Siiachi. Nataka kuona. Nikipata kazi hii lazima niijue mashine yangu ndani na nje."

"Nina kazi za watu hapa, Mkasi."

"Na mimi si mtu? Fungua, Kaka, usiniletee maringo ya ufundi."

Niliigeuza. Skrubu kumi. Ninazijua kwa vidole, lakini siku hiyo mbili zilinidondoka na Mkasi akaziokota sakafuni. Nikazungusha kisu cha plastiki kwenye ukingo, gamba la chini likaachia, nikaliweka mezani limelala chali. Nikachomoa betri.

Mkasi alikuwa ameliinamia gamba. Mimi nina desturi niliyofundishwa na fundi aliyenilea kazini: kila mashine ninayoifungua, naandika upande wa ndani wa gamba, kwa kalamu nyembamba isiyofutika, tarehe na kazi niliyofanya, ili fundi atakayekuja baadaye ajue amepita nani na amegusa nini. Nimefanya hivyo kwa mashine zote. Hata ile.

"Kibodi tu," Mkasi akasoma, pamoja na tarehe yake. Akacheka. "Ndiyo siku ile! Mwandiko wako bado wa kuku."

Akasogeza stuli, akaangalia ndani.

"Memori ni hii?"

"Ndiyo."

"Na nafasi ya pili iko wapi?"

Nikajifanya napuliza vumbi. Akatoa simu, akafungua picha aliyoihifadhi kutoka kwenye ukurasa wa watengenezaji, akaiweka kando ya mashine. Kwenye picha, nafasi mbili zimelala sambamba. Kwenye mashine kulikuwa na moja, na pembeni yake chipu nne nyeusi zimechomelewa kwenye ubao. Alizigusa moja moja kwa kile kidole cha bendeji.

"Hapa si sawa na hapa," akasema.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu, wote mzuri. Picha yao ni ya toleo jipya. Au kuna zilizotengenezwa na nafasi moja na hawakuandika. Au kiwanda hubadilisha mambo bila kutangaza. Mteja yeyote angeukubali wowote kati ya huo, na fundi yeyote angenisaidia kuutetea. Nilikuwa nachagua tu nianze na upi.

Akanitangulia.

"Basi nimesoma vibaya," akasema. Aliichukua karatasi yake mkononi mwangu, akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile. Hakuonekana kushangaa. Alisema upesi, kama mtu anayejibu jina lake likiitwa. "Nilijua tu. Hata yule mama wa kule kwenye mtihani nilimwambia, mimi mashine si mwenzangu. Ngoja nimpigie, wamweke mtu mwingine."

"Usipige."

"Alhamisi ni mtondo, Kaka. Tusiwazibie watu nafasi." Alikuwa ameshaanza kuitafuta namba.

"Mkasi, weka simu chini. Hukusoma vibaya."

Aliniangalia. Nilikuwa bado nimeshika bisibisi, nikaiweka mezani ili mikono isiwe na cha kuchezea. Nikaanza kusimulia. Nilianza na mpima ardhi na ukali wake, nikajisikia najitetea, nikanyamaza, nikaanza upya. Nikamwambia, mazabodi yako niliitoa. Nikampa mtu mwingine kwa sababu ya kwake niliiunguza mimi. Hii iliyomo si yako, ni ya chini, haiwezi kuzidi giga nane wala haikuweza siku yoyote. Lebo ya mgongoni ni ya kweli kwa mashine uliyoniletea siku ile, si kwa hii. Kila ulichoandika ni sahihi, kosa ni langu, na nilijua tangu siku ile uliyokuja kuniambia imekuwa nzito.

Nje mtu alikuwa anafagia ngazi. Tulisikiliza ufagio wake mpaka akamaliza.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," Mkasi akasema.

"Haikuwa wewe."

"Ile kozi."

"Haikuwa wewe."

"Ule mchoro wa koti. Vipande thelathini na nane. Nikifika kwenye mkono inaganda, nazima, nawasha, nikifika kwenye mkono inaganda. Wenzangu wote wamemaliza, nimebaki peke yangu darasani na mwalimu anaangalia saa."

"Hata mwalimu angekaa kwenye kiti chako ingeganda."

Nilitegemea apige kelele. Hasira tumeirithi kwa baba, mimi na yeye, na ya kwake ni kali kuliko yangu. Ningefurahi kama angenitupia kitu. Lakini alikaa anaangalia zile chipu nne.

"Wanangu wamekua wakijua mama yao ni mzito," akasema. "Nimewaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wiki iliyopita kompyuta ilikuwa wazi, nikasogeza mkono nione anachofanya yule mkubwa. Akaniambia, 'Mama usiguse, utaharibu.' Hakusema kwa ubaya. Nikatoa mkono."

Hapo nikalia. Sikulia kiungwana, nililia na makamasi, mtu mzima mwenye karakana yake.

"Usilie," Mkasi akasema. "Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo sitaki."

Nikajifuta kwa kile kitambaa cha kufutia vioo. Alisubiri nimalize.

"Kalamu yako iko wapi? Ile ya kuandikia humu."

Nikamnyooshea. Hakuipokea. Akalisogeza lile gamba mbele yangu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kilichofanyika. Si ndiyo desturi yako?"

Chini ya Kibodi tu nikaandika: Pia mazabodi ya mwenyewe ilitolewa, ikapewa mtu mwingine. Iliyomo ni ya toleo la chini, kikomo giga nane. Mwenyewe hakuambiwa. Nikaweka tarehe mbili, ya kutenda na ya kusema. Alilisoma mara mbili, midomo inacheza, kisha akalirudisha mezani taratibu wino usije ukachafuka.

Chini ya meza nilikuwa na laptopu yangu ya kazi. Nikaitoa, nikachomoa nyaya zake, nikamwekea mapajani. "Ina giga thelathini na mbili. Si ya kuazima. Ni yako."

"Sikushukuru."

"Sikutaka unishukuru."

"Ifungue."

"Nini?"

"Ifungue nione."

Nikaichukua tena, nikaifungua mbele yake, skrubu moja baada ya nyingine. Alisimama akainamia meza, macho yake karibu na ubao kabisa, akaelekeza kidole.

"Moja," akahesabu. "Mbili. Haya, funga."

Mlangoni, mashine mpya ikiwa kwapani, aligeuka. "Jumapili utakuja kwangu. Utawaambia watoto wewe mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Wala usitegemee nitakusaidia neno."

Siku zilizofuata nilifanya kazi na laptopu ya Mkasi, maana sikuwa na nyingine. Nilikuwa nimeitengeneza, nimeisema, nimeitetea, lakini sikuwahi kuitumia. Kufungua picha ya ubao mmoja nilichemsha chai, nikaimimina, nikarudi, bado. Mara mbili ilizima yenyewe katikati ya kazi. Jumatano iliganda nikiwa nimebakiza mstari mmoja tu wa maelezo ya mteja, nikapiga meza kwa ngumi hadi skrubu zikaruka. Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa amerudi safari hii na kipande sahihi, aliniangalia kwa huruma, akaniuliza kama nimejaribu kuiongeza memori.

"Imefika kikomo," nikamwambia.

Nilifikiria Mkasi alivyokaa na kitu hiki miezi miwili darasani, mbele za watu, akijilaumu kila ikiganda. Mimi nilikuwa na siku tatu nacho, niko peke yangu, na najua kosa ni la nani, lakini nilikuwa tayari kukirusha dirishani. Nilimpigia simu mpima ardhi pia. Sijui nilitaka kumwambia nini. Namba yake haipatikani tena.

Alhamisi mchana ikaingia ujumbe: Koti vipande 41. Haikuganda. Basi, hakuna salamu, hakuna Kaka. Nikausoma nimesimama. Ijumaa jioni ukaja mwingine: Wamenichukua kwa majaribio miezi mitatu. Jumapili saa saba. Usichelewe.

Sikuchelewa. Nilifika saa saba kasoro robo nikazunguka nyumba mara moja. Ndani, kile kiti chenye mto kilikuwa mahali pake, wamenitengea kama kawaida, kwa sababu watoto walikuwa hawajui bado. Nikapita, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mkubwa, binti wa miaka kumi na mmoja, akaniambia, "Mjomba, kiti chako kile pale." Nikamwambia hapa panatosha. Mkasi alikuwa kwenye kochi na lundo la nguo zilizoanuliwa, anazikunja kwa mkono wa kushoto. Hakuinua uso.

Nikawaambia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno yote yakanipotea, nikabaki na yale mafupi. Mama yenu alikuwa na mashine nzuri. Mimi nikaiharibu kwa siri. Ilipokuwa inakwama nikamwambia anayekwama ni yeye, na nilijua si kweli. Mama yenu hana kichwa kizito. Alhamisi ameshindana na watu wanane na mashine nzima, akapita.

Mdogo, wa miaka saba, aliuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa mama?"

"Wakati ule nilimwogopa mtu mwingine. Mama namwogopa sasa."

Akacheka kidogo, akamtazama dada yake kuona kama inaruhusiwa kucheka. Dada yake hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyegundua kwamba mwenzake wa karata amekuwa akichungulia miaka yote. Nikataka Mkasi aseme kitu, hata cha kunikaripia, lakini alikuwa ametoa neno lake na alilishika. Alikunja shati, akalilaza juu ya jingine, akachukua soksi.

Kisha yule binti akaingia chumbani, akarudi na laptopu, ile niliyompa mama yake. Ilikuwa wazi. Kila Jumapili alikuwa na kazi ya shule iliyomshinda, na kila Jumapili aliniwekea mapajani. Akaja upande wangu kwa mazoea, hatua mbili, tatu. Nikasogeza magoti bila kufikiri.

Akasimama katikati ya chumba, mashine mikononi. Akageuka, akaenda kwenye kochi.

"Mama," akasema, "hapa nimekwama."

Mkasi alizisukuma nguo zote zikaanguka upande wa pili, zilizokunjwa na zisizokunjwa. Alijifuta viganja kwenye gauni lake.

"Kaa hapa tuone," akamwambia, akaweka mkono kwenye kibodi.

Mdogo naye akaenda akajibana kwa upande mwingine. Wakaniachia mgongo wa kioo cha laptopu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza kitu.